Nyumba ina msimu wake mbaya: jinsi ya kuikagua kabla hujanunua na kuitunza ukishahamia

Watu wengi wananunua nyumba wakati mzuri. Ardhi imekauka, ukuta umepakwa rangi juzi tu, njia inapitika hata na gari ndogo, picha zimepigwa jua linawaka na kila kitu kinang'aa. Alafu miezi kadhaa baadae mvua zinaanza na hapo ndo mnagundua kumbe maji ya mtaa mzima yanakatiza uwani kwenu kwenda bondeni. Hii inaniuma kila nikiisikia, maana kwa familia nyingi nyumba ndo kitu cha gharama kubwa kuliko vyote watakavyowahi kununua na hela ikishatoka kuirudisha ni shughuli nzito.

Kwa hiyo shika hili moja. Kila nyumba ina msimu unaoionea, kwa nyingine ni mvua, kwa nyingine ni joto na ukame, kwa nyingine ni upepo au baridi kali, na kama unanunua inabidi uione nyumba ikiwa kwenye huo msimu, au ukishindwa basi utafute alama ambazo msimu uliopita umeziacha. Na kama tayari unamiliki, kazi za huo msimu zifanyike kabla haujaingia. Hatua za mwanzo ni za mnunuzi na za mwisho ni za mwenye nyumba, ila hata kama ushanunua zisome zote tu kwa sababu unaweza kuikagua nyumba yako mwenyewe kwa macho yale yale ya mgeni.

Hatua ya 1: Jua msimu mbaya wa hiyo nyumba ni upi

Kabla hata ya kwenda kuangalia vyumba, tafuta mvua za eneo hilo zinanyesha miezi gani na kiasi gani, mamlaka za hali ya hewa karibu kila nchi zinatoa takwimu za wastani wa kila mwezi. Alafu angalia nyumba imekaa wapi: juu ya mteremko, katikati, au chini kabisa ambako kila tone linaishia. Nyumba mbili zilizoachana mita mia tu zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa mvua ikinyesha.

Usidanganyike na mwaka mmoja mkavu. El Niño inajirudia kila baada ya miaka 2 hadi 7 hivi, na mwaka wake sehemu zingine zinapata mvua kupita kawaida na sehemu zingine zinapata ukame, kwa hiyo mtu akikwambia "nimekaa hapa miaka miwili maji hayajawahi kuingia" anaweza akawa anasema ukweli mtupu na bado nyumba ikawa kwenye njia ya maji. Na ukisikia neno "mafuriko ya miaka mia" usielewe kwamba yakitokea leo basi mpaka miaka mia mingine ipite. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1, na kwa mtu atakayekaa kwenye nyumba miaka 30 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unafika kama asilimia 26. Zaidi ya robo. Hiyo si kitu cha kupuuza hata kidogo.

Google Earth ina picha za zamani za satelaiti, unaweza kurudi nyuma miaka kadhaa ukaona kiwanja kilikuwaje kabla nyumba haijajengwa. Kama zamani palikuwa na dimbwi, matete au mkondo wa maji, basi maji yana kawaida ya kurudi kwenye njia yake hata kama pameshajazwa vifusi.

Hatua ya 2: Nenda mvua ikinyesha, au mara tu ikikatika

Dalali atakupangia siku nzuri, hiyo ni kazi yake wala simlaumu, ila we omba siku nyingine ya pili na ukiona mawingu yamejikusanya vaa mabuti uende. Kama uko mbali tuma mtu unayemwamini akupigie video. Saa moja baada ya mvua kubwa utajifunza mambo ambayo ripoti ya kurasa kumi haitakwambia.

Ukifika anzia nje. Angalia maji ya paa yanaanguka wapi. Kumbuka hesabu hii ndogo, milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000, na hizo zote zinatafuta pa kwenda. Kama hakuna gata, au gata lipo ila bomba lake linaishia palepale kwenye kona ya msingi, basi hizo lita zinazama chini ya nyumba mwaka baada ya mwaka. Angalia pia ardhi inayozunguka nyumba imeinama kwenda wapi. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani ardhi ishuke angalau sentimita 15. Kama imeinama kuelekea ukutani hilo ni tatizo, na ukiona dimbwi limegusa ukuta na masaa yanaenda halizami, liandike.

Alafu tembea barabarani. Hii watu wanaisahau kabisa. Nyumba inaweza kuwa juu na salama lakini njia ya kufika ikawa mto, mgonjwa hatoki, watoto hawaendi shule. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo, kwa hiyo ukiona daraja au kivuko kimefunikwa usijaribu kupita kisa unataka kuwahi kuiona nyumba.

Ndani, nusa. Ndio, nusa, hasa makabati, chini ya sinki, chumba kisichotumika. Harufu ya unyevu haifichiki kirahisi, na kama kila chumba kina ubani au manukato makali siku unayokuja kuangalia, rudi siku nyingine bila kutoa taarifa ndefu.

Hatua ya 3: Kama ni kiangazi, soma alama

Mara nyingi huwezi kusubiri mvua, mwenye nyumba ana haraka na kuna wateja wengine. Sawa, ila maji yanaandika kila yanapopita, kazi yako ni kusoma.

Anza na mstari. Ukutani nje, kwenye uzio, kwenye nguzo na hata kwenye mashina ya miti, tafuta mstari wa tope au mabadiliko ya rangi yaliyo kwenye usawa mmoja. Mstari uliolala sawasawa sehemu nyingi ni kimo cha maji. Angalia takataka zilizonasa kwenye waya wa uzio, majani makavu na mifuko iliyonasa kwenye usawa wa goti haikupandishwa pale na upepo.

Alafu rangi. Ukuta mzima umechoka ila sentimita 50 za chini zimepakwa rangi mpya, uliza kwa nini. Silingi bodi zote za zamani ila moja nyeupe pee, uliza kwa nini. Sisemi kila mwenye nyumba anayepaka rangi anaficha kitu, watu wanapaka rangi kwa sababu wanauza na ni haki yao, ila rangi ya kipande ni swali linalohitaji jibu.

Gusa ukuta chini. Ukiona unga mweupe kama chumvi, rangi inajikunja, plasta inadondoka ukiigonga na inatoa sauti ya uwazi, huo ni unyevu. Sasa hapa lazima utofautishe kwa sababu dawa zake ni tofauti na gharama zake zimeachana sana. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huwa unakomea kama mita moja hivi kutoka sakafuni, na mara nyingi ni kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, au imetoboka, au udongo wa nje umejazwa mpaka ukaipita. Unyevu unaotoka juu unaanzia kwenye dari au pembe ya paa na unaacha duara la rangi ya chai. Na kuna wa tatu ambao hautoki nje kabisa, ni mvuke wa kupika, kuoga na kupumua unaogusa ukuta wa baridi na kugeuka maji, huu unajitokeza kwenye pembe, nyuma ya kabati, na unaacha ukungu mweusi. Kama hujui ni upi, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne ukiache siku moja au mbili. Maji yakiwa upande wa chumbani ni mvuke wa ndani, yakiwa upande wa ukutani yanatoka kwenye ukuta wenyewe. Jaribio la bure kabisa na linakuokoa na fundi atakayetaka kuvunja nyumba nzima.

Panda darini kama inawezekana, na tochi. Hii ndo sehemu ambayo hakuna anayeipaka rangi. Angalia kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zina madoa meusi? Misumari ina kutu? Kuna mwanga unapenya kwenye bati? Kuna beseni au ndoo imewekwa huko? Ndoo darini ni ushahidi tosha. Choma mbao kwa bisibisi sehemu yenye doa, kama inazama kirahisi mbao imeoza, na mbao ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi kwa muda mrefu ndo kuvu wa kuozesha wanapata nafasi.

Milango ya chini: ikisugua sakafu au fremu imevimba chini tu, maji yalikuwepo. Soketi za umeme zikiwa zimehamishiwa juu sana kuliko kawaida kwenye vyumba vya chini peke yake, uliza, inawezekana kuna mtu alishajifunza.

Na majirani. Usiulize "hapa pana mafuriko?" maana wengi watasema hapana, hakuna anayependa mtaa wake usemwe vibaya. Uliza "mvua kubwa ya mwisho maji yalifika wapi?" Swali hilo mtu anajibu kwa kunyoosha mkono, na utapata jibu la kweli. Watoto na walinzi wanajua kuliko wote.

Hatua ya 4: Kiangazi nacho kina siri zake

Tunazungumza sana mvua mpaka tunasahau kwamba kuna nyumba zinateseka ukame. Kisima kinachojaa msimu wa mvua kinaweza kukauka kabisa kiangazi, kwa hiyo kama nyumba inategemea kisima kipime mwishoni mwa kiangazi, washa pampu muda mrefu uone maji yanashuka vipi na yanarudi kwa kasi gani. Kama unanunua wakati wa mvua, usikubali kuonyeshwa kisima kilichojaa kama ushahidi. Omba kumbukumbu au waulize wanaouza maji mtaani, kiangazi wanapeleka maji nyumba zipi.

Joto sasa. Nenda saa tisa au saa kumi alasiri, saa ambayo ukuta umeshakunywa jua la kutosha. Madirisha makubwa yanayoangalia magharibi ndo yanayotesa zaidi kwa sababu jua la jioni linakuwa chini na linaingia moja kwa moja, hata paa lililotokeza nje halisaidii. Gusa silingi kwa mkono. Kama darini hakuna tundu la hewa kutoka, joto la bati linashuka lote chumbani na utalipia umeme wa feni au kiyoyozi kila mwezi utakaokaa humo. Hiyo ni gharama ya nyumba kama gharama nyingine, iweke kwenye bajeti.

Udongo pia uangalie. Ardhi ikipasuka mipasuko mipana kiangazi, huo ni udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyokaa juu yake inainuliwa na kushushwa kila mwaka. Hapo ndo tunafika kwenye nyufa.

Hatua ya 5: Pima nyufa, usiziogope tu

Ufa mwembamba kama unywele, chini ya milimita 1, mara nyingi ni plasta imekauka na haina neno. Ufa unaofika milimita 5 au zaidi, au unaopanda kwa ngazi kufuata tofali, au unaotoka kwenye kona ya dirisha kwa mshazari, au ulio mpana juu na mwembamba chini, huo muite mhandisi wa majengo. Mhandisi nasema, siyo fundi wa kupaka, kwa sababu fundi akiulizwa "unaweza kuziba?" atasema ndio na atakuwa sahihi, kuziba anaweza, ila kilichosababisha kitabaki.

Kwenye udongo wa mfinyanzi nyufa zinafunguka kiangazi na kujifunga mvua zikinyesha. Kwa hiyo ukikagua msimu wa mvua unaweza kuona ufa mdogo usio na shida, kumbe ni ule ule unaoingiza sarafu miezi ya ukame. Angalia kama ufa umezibwa na kupasuka tena palepale, hiyo inaonyesha nyumba bado inacheza. Kama ushanunua, chora mstari wa penseli kukatiza ufa, andika tarehe na upana, piga picha na rula pembeni, rudia kila mwezi kwa mwaka mzima. Mwaka mzima, kwa sababu ukipima miezi mitatu tu umepima msimu mmoja. Miti mikubwa karibu na ukuta inaongeza tatizo maana mizizi inanyonya maji kwenye udongo huo huo, ila usikimbilie kuikata yote kwa mara moja bila ushauri, udongo uliokuwa umekaushwa na mti ukianza kurudisha maji unaweza kuvimba na kuinua nyumba.

Hatua ya 6: Peleka mlichokiona kwenye bei na kwenye mkataba

Ukishajua udhaifu usikae nao kichwani. Mwombe fundi mzuri akupe makadirio ya maandishi, gata kiasi fulani, mfereji kiasi fulani, alafu nenda nayo mezani. Ama bei ishuke, ama mwenye nyumba arekebishe kabla ya kuhamisha umiliki, ama sehemu ya hela ishikiliwe na mwanasheria mpaka msimu wa mvua upite. Hiyo ya mwisho wauzaji wengi hawaipendi lakini kuomba si dhambi. Na muulize kwa maandishi kama nyumba imewahi kuingia maji na lini, jibu la maandishi lina uzito ambao maneno ya getini hayana.

Kuhusu wakati wa kununua: sehemu nyingi soko linachangamka hali ya hewa ikiwa nzuri na linapoa mvua au baridi ikizidi. Kwa mnunuzi, mimi naona msimu mbaya ndo bora, wateja wachache, muuzaji anasikiliza, na nyumba inajieleza yenyewe. Kwa muuzaji ni kinyume, ila na wewe muuzaji usijifiche nyuma ya jua, nyumba yenye gata safi na mfereji unaofanya kazi inauzika hata mvua ikinyesha, na mteja aliyeiona siku hiyo haji kukusumbua baadae.

Bima: kata mapema. Kampuni nyingi hazikubali kuanza kukulinda wakati kimbunga kishatangazwa au maji yameshaanza kupanda, na bima ya kawaida ya nyumba sehemu nyingi haijumuishi mafuriko mpaka uongeze. Soma sehemu ya mambo wasiyolipia kabla ya kusaini, ndo sehemu muhimu kuliko kurasa nyingine zote.

Hatua ya 7: Ukishakuwa mwenye nyumba, anza miezi miwili kabla ya mvua

Mafundi wa paa wakati wa mvua hawapatikani, na wakipatikana bei imepanda, na hata kupanda kwenyewe juu ya bati lililolowa ni hatari. Kwa hiyo kazi ya paa ni ya kiangazi.

Toa majani kwenye gata zote alafu mwaga ndoo ya maji upande wa juu uone kama yanatoka yote chini. Kama yanatuama katikati gata limelala, linyanyuliwe. Bomba la kushusha lipelekwe mbali na msingi au kwenye tangi la kuvunia, yale maji ni mali.

Kagua misumari ya bati. Bati linatanuka na kusinyaa kila siku, la chuma lenye urefu wa mita 10 likipata tofauti ya joto ya nyuzi 40 linarefuka karibu milimita 5, na hiyo kwenda na kurudi miaka kadhaa inalegeza misumari na kupanua matundu. Iliyolegea ibadilishwe kwa skrubu zenye mpira. Angalia zaidi kwenye maungio: kofia ya juu, sehemu paa linapokutana na ukuta, na kule paa mbili zinapokutana kufanya bonde, sehemu kubwa ya kuvuja inaanzia kwenye hizo.

Upepo nao usiuchukulie poa. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne, na paa linang'oka kwa kuvutwa juu kuanzia kwenye kingo na pembe. Kwa hiyo kenchi ziwe zimefungwa kwenye ukuta kwa vyuma au waya, siyo zimekaa tu juu ya lenta (ule mkanda wa zege juu ya ukuta) kwa uzito wake. Matawi yaliyoinamia paa yakatwe, na chochote kinachoweza kuruka uwani kifungwe.

Mifereji ya nje izibuliwe, pamoja na ule wa pamoja na jirani, huo mzibue hata kama jirani hataki kushiriki, maji yakirudi hayatauliza nani alizembea. Na karo la choo linyonywe kiangazi. Ukilinyonya ardhi ikiwa imejaa maji, tangi tupu hasa la plastiki linaweza kuelea na kung'oka na mabomba yake, hasara juu ya hasara.

Hatua ya 8: Mvua inanyesha na baada ya mvua

Siku ya mvua kubwa ya kwanza toka na mwavuli uzunguke nyumba yako, uangalie kila kona, piga video. Dakika kumi tu. Ndani, zima na chomoa vifaa radi ikianza. Maji yakiingia ndani na yanakaribia soketi, umeme uzimwe kwenye swichi kuu ikiwa tu unaifikia bila kukanyaga maji, vinginevyo waite wa umeme wazime huko nje. Hapa naomba usifanye ushujaa.

Maji yakiisha, kimbizana na muda. Ukungu unaanza ndani ya masaa 24 hadi 48 kwenye vitu vilivyolowa, kwa hiyo godoro, zulia na silingi bodi zitoke nje siku hiyo hiyo, fungua madirisha pande mbili hewa ipite, feni ziwake zikishahakikiwa kuwa kavu. Unyevu wa hewa ndani ukae chini ya asilimia 60, kuna vipimo vidogo vya kuuzwa vinaonyesha. Watoto na wenye pumu ndo wanaoumia kwanza na ukungu, usisubiri wakohoe.

Usipake rangi ukuta ambao haujakauka, hata kama unakera kuutazama. Rangi itajikunja na utaingia gharama mara mbili. Kwanza ondoa chanzo, alafu acha ukuta upumue wiki kadhaa, kwangua plasta mbovu, ndo upake.

Kumbikumbi wakitoka mvua za kwanza na ukaona mabawa yamejaa ndani kwenye madirisha, kagua mchwa haraka. Wakitokea nje kwenye taa ni kawaida, ila wakitokea ndani ukutani au sakafuni inawezekana kichuguu kipo chini yenu. Gonga fremu na kenchi, tafuta vijia vya udongo ukutani.

Hatua ya 9: Joto na baridi

Joto nitalipitia haraka maana mengi nimeshayagusa. Kivuli cha nje kinashinda pazia la ndani, kwa sababu jua likishapita kioo joto limeshaingia. Panda mti upande wa magharibi, weka tundu za hewa darini, paka bati rangi nyeupe au rangi inayoakisi. Fungua madirisha usiku na alfajiri, funga mchana hewa ya nje ikizidi ya ndani kwa joto. Majani makavu yasikae yamegusa nyumba kiangazi, mita moja na nusu ya kwanza kuzunguka ukuta iwe tupu kabisa kama eneo lina moto wa nyika, cheche moja kwenye gata lenye majani inatosha.

Zege ukilimwaga kiangazi limwagilie maji angalau siku 7, likikaushwa na jua haraka linapasuka na linakuwa dhaifu, na nguvu yake ya kupimia inahesabiwa siku ya 28. Mafundi wakikwambia siku mbili zinatosha, kataa.

Sehemu zenye baridi ya kugandisha shida kubwa ni mabomba. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na bomba linapasuka, ila utalijua barafu ikiyeyuka na nyumba kujaa maji. Mabomba yanayopita nje au kwenye ukuta wa nje yafunikwe, na ukisafiri funga koki kuu na utoe maji yote yaliyobaki kwenye bomba. Kila mtu wa nyumbani ajue koki kuu ilipo, hata mtoto mkubwa.

Na jiko la mkaa au jenereta visiwekwe ndani kisa baridi au umeme umekatika. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi na inaua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya 10: Weka daftari la nyumba

Faili moja kwenye simu linatosha. Kila ukimaliza msimu weka picha za paa, gata, kona za chini, nyufa, na risiti za fundi pamoja na tarehe. Ukidai bima utaulizwa hali ya nyumba ilikuwaje kabla, na siku ukiuza mnunuzi makini atakuuliza maswali yote haya niliyoandika hapa juu, utamfungulia faili umwonyeshe msimu kwa msimu na mtaongea bei mkiwa mnaangalia kitu kimoja.